Kiegemeo Si Pambo: Kuta za Mawe za Reli, Kubwa na Ndogo

Mwaka 1834, katika mji wa bandari wa Kingstown karibu na Dublin, mji ambao leo unaitwa Dún Laoghaire, waashi walijenga kuta nne ambazo hazikuwa na kazi. Hazikuzunguka nyumba ya mtu wala hazikubeba paa. Aliyetaka zijengwe ni John Burgoyne, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akisimamia kazi za umma huko Ayalandi, na alichotaka kuona ni zipi zitaanguka. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 20 na kimo cha futi 20, yaani kama mita 6 kwa 6. Zote zilipangwa kwa mawe makavu ya graniti, bila chokaa katikati. Na zote zilitumia kiasi kilekile cha mawe: ukipiga wastani, unene wa kila ukuta ulikuwa futi 3 na inchi 4, mita moja na kitu kidogo.

Zilitofautiana umbo tu. Ukuta wa kwanza ulikuwa na unene mmoja kuanzia chini hadi juu, lakini wote ulilazwa kwa nyuma, kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Wa pili ulisimama wima kwa nyuma, na kwa mbele ukateremka, mwembamba juu na mnene chini. Wa tatu ulikuwa ni huohuo wa pili uliogeuzwa: mbele wima kabisa, mteremko umefichwa nyuma, upande wa udongo. Wa nne ulikuwa wa mstatili, wima mbele na wima nyuma, kama ukuta wa uani kwetu. Kisha udongo ukaanza kujazwa nyuma ya kila mmoja, kidogo kidogo.

Wa kwanza na wa pili zilisimama. Wa tatu na wa nne ziliporomoka kabla udongo haujafika juu.

Hebu tulia hapo kwenye wa pili na wa tatu. Mawe yaleyale, uzito uleule, umbo lilelile, ila mmoja umetazama huku na mwingine kule. Mmoja ukabaki, mmoja ukalala chini. Desemba ya mwaka huohuo 1834, katika mji huohuo, ilifunguliwa reli ya kwanza ya Ayalandi, ile ya Dublin hadi Kingstown. Kwa hiyo wakati Burgoyne anaangusha kuta zake kwa makusudi, hatua chache kutoka hapo watu wengine walikuwa wakikata miamba na kujenga kuta za kando ya reli, wakiomba Mungu zao zisianguke.

Mimi ni mmoja wa wale watu wazima wanaojenga treni ndogo. Nasema wazi mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Katika mchezo huu (wenyewe hatupendi kuuita mchezo, lakini ndivyo ulivyo) watu wengi hutazama injini kwanza, halafu mabehewa, halafu stesheni. Mimi siku hizi natazama ukuta. Nataka kuona ule ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, unaosimama pale kilima kilipokatwa ili reli ipite chini, au pale reli ilipoinuliwa juu ya tuta na nyumba za watu ziko karibu mno kwa tuta kumwagika. Na kwenye ukuta huo nataka kuona kiegemeo, ile nguzo nene ya mawe iliyosimamishwa mbele ya ukuta, pana chini na nyembamba juu, kama mguu uliotangulizwa ili mtu asisukumwe.

Nimeona modeli nyingi nzuri mno ambazo kuta zake ni za uongo. Mafundi wake si wavivu, hata kidogo. Viegemeo vimepangwa kila baada ya sentimita 10, sawa sawa, kama vifungo vya shati. Ukuta umesimama wima kama wa choo. Hakuna tundu hata moja la kutolea maji. Ukiuliza kiegemeo hiki kiko hapa kwa nini, jibu ni kwamba kinapendeza. Kinapendeza, nakubali. Lakini ukuta wa kweli wa reli ni maandishi, na anayeyanakili bila kuyasoma atakosea herufi.

Turudi nyuma kidogo ya Burgoyne. Mtu wa kwanza kueleza vizuri kwa hesabu jinsi udongo unavyosukuma ukuta alikuwa Mfaransa, Charles-Augustin de Coulomb, yule ambaye wanafunzi wetu wa fizikia wanamjua kwa sheria ya umeme. Kabla ya umeme, Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi, na alikaa karibu miaka 8 katika kisiwa cha Martinique akijenga ngome. Martinique ya wakati ule ilikuwa kisiwa cha watumwa, waliotolewa Afrika kwenda kulima miwa. Aliporudi Ufaransa aliwasilisha andiko lake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1773, nalo likachapwa mwaka 1776. Wazo lake kuu ni rahisi kulieleza hata sokoni. Udongo ulio nyuma ya ukuta hausukumi wote. Kinachosukuma ni kabari, kipande chenye umbo la pembe tatu ambacho kingeteleza na kumwagika kama ukuta usingekuwepo. Ukijua kabari hiyo ni kubwa kiasi gani na inasuguana vipi na udongo ulio chini yake, unajua ukuta wako uwe na uzito gani.

Kwa hiyo ukuta wa mawe haushindani na kilima kizima. Unazuia kabari tu, na unaizuia kwa uzito wake mwenyewe. Ndiyo maana ukuta wa pili wa Burgoyne ulisimama na wa tatu ukaanguka: ule uliotanguliza mguu mbele ulikuwa na mahali pa kukanyaga kabla haujapinduka, na huu wa wima ulikuwa umesimama kwenye vidole.

Hesabu ya Coulomb ina udhaifu mmoja ambao wajenzi wa reli waliujua kwa machozi. Udongo mkavu ni kitu kimoja, na udongo ulionywa maji ni kitu kingine. Miaka ya 1830 Robert Stephenson alikuwa akijenga reli ya London hadi Birmingham, kilomita 180 hivi, iliyofunguliwa yote mwaka 1838. Kutoka stesheni ya Euston kwenda Camden Town ilibidi kukatwa njia ndefu ndani ya udongo wa mfinyanzi wa London, huku nyumba zikiwa pande zote mbili. Udongo ule, ukiuondolea mzigo wa juu na ukapata maji, huvimba. Unaanza kusogea polepole kama unga uliotiwa hamira. Kuta zilizojengwa pale zilikuwa za matofali, si za mawe, na uso wake ulipindwa ukawa kama tumbo lililovutwa ndani.

Tunajua zilivyojengwa kwa sababu kijana mmoja mchoraji, John Cooke Bourne, alikwenda pale na penseli. Michoro yake ilichapwa mwaka 1838 na 1839, na mmojawapo ni wa ujenzi wa ukuta karibu na Park Street, Camden Town, Septemba 1836. Unaona mbao za kuzuia udongo, mapipa, ngazi, watu wadogo kama sisimizi. Charles Dickens naye aliandika juu ya uchimbaji uleule wa Camden Town ndani ya riwaya yake ya Dombey and Son, akiuona kama tetemeko la ardhi lililopasua mtaa wa watu maskini. Wahakiki wamemshukuru Dickens vya kutosha. Mimi nashukuru zaidi kwa Bourne, kwa sababu Dickens alieleza mtaa ulivyovunjwa, na Bourne akaonyesha ukuta unavyojengwa, safu juu ya safu, na nyuma yake kuna nini. Kwa fundi wa modeli, michoro ile ni hazina kuliko picha elfu za injini.

Na nyuma yake kuna kitu muhimu. Kuta nyingi za namna hii zina viegemeo kwa nyuma, vimezikwa ndani ya udongo, havionekani. Wahandisi wa ngome wa Ufaransa walivijenga tangu enzi za Vauban, karne ya 17. Faida yake ni kwamba ukuta unapata uzito na ugumu bila kula nafasi mbele, na mbele ndiko treni inakopita. Sasa jiulize: kama mhandisi anaweza kuficha viegemeo nyuma, kwa nini kuna kuta zenye viegemeo mbele?

Wakati mwingine ni kwa sababu nafasi ipo na imekusudiwa hivyo tangu mwanzo. Lakini mara nyingi ni kwa sababu ukuta ulikwisha jengwa. Udongo umekwisha jazwa, barabara imepita juu, nyumba zimejengwa, na siku moja mlinzi wa reli anapita asubuhi anaona ukuta umetoa tumbo. Huwezi tena kuchimba nyuma. Kilichobaki ni kuleta mawe mengine, kuchimba msingi mbele ya tumbo lile, na kusimamisha mguu. Kiegemeo cha mbele basi, mara nyingi, ni bandeji. Kinasema kwamba hapa, mahali hapa hasa, kilima kilitaka kushuka na mtu fulani aliogopa.

Ukijua hilo, unaweza kuutazama ukuta wa kweli na kusoma tarehe zake bila kuambiwa na mtu. Kama safu za mawe ya kiegemeo zinaendelea kwenye safu za ukuta, jiwe la huku limeingia kule, vilizaliwa pamoja. Kama kuna mstari wima ulionyooka pale vinapokutana, kiegemeo kimekuja baadaye. Mara nyingi hata jiwe lake ni la rangi nyingine, kwa sababu machimbo ya zamani yalikwisha au reli yenyewe sasa ilikuwa inaweza kuleta mawe bora kutoka mbali. Na kama viegemeo viko viwili tu, vimesogeleana, halafu mita 40 hakuna kitu, tafuta maji. Kuna chemchemi au mfereji huko juu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna viegemeo kabisa. Uko Chorley, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kwenye reli ya Bolton hadi Preston iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1840 chini ya mhandisi Alexander James Adie. Pale njia ilikatwa ndani ya udongo mbaya, na kuta za mawe za kulia na kushoto zilikuwa hatarini kusukumwa zikutane. Adie akatupa matao 16 ya mawe kutoka ukuta huu hadi ule, juu ya treni. Matao hayo hayabebi barabara wala mfereji. Juu yake hakuna kinachopita isipokuwa ndege. Kazi yake ni kuzitenganisha kuta mbili kama mwamuzi wa ngumi. Leo yamewekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na abiria anapita chini yake kwa sekunde chache akidhani ni urembo wa zama za Malkia Victoria.

Haya ndiyo yanayonifanya niwe mkali juu ya ukuta mdogo wa mezani.

Modeli nyingi za Kiingereza hujengwa kwa kipimo cha 1 kwa 76: milimita 4 kwa kila futi. Ukuta wa Burgoyne wa mita 6 unakuwa na kimo cha milimita 80, pungufu kidogo ya urefu wa kadi ya benki. Unene wake wa wastani unakuwa milimita 13. Ukitaka mteremko wa mbele wa moja kwa kumi tu, kichwa cha ukuta kinarudi nyuma milimita 8, na jicho linauona mteremko huo mara moja hata kama mwenye jicho hajui anachokiona. Ukuta ulio wima unaonekana kama kadibodi. Ukiulaza kidogo tu, unaanza kuonekana mzito. Kwenye hili nadhani Burgoyne ni mwalimu bora kuliko vitabu vyote vya modeli.

Halafu kuna kiungio, ile nafasi ya chokaa kati ya jiwe na jiwe. Kwenye ukuta mzuri wa mawe yaliyochongwa kiungio kinaweza kuwa sentimita 1. Gawanya kwa 76: unapata milimita 0.13, unene wa karatasi ya daftari na kidogo. Zile karatasi za plastiki zilizopigwa chapa ya mawe, zinazouzwa madukani, zina viungio vya karibu nusu milimita. Zidisha: ni karibu sentimita 4. Huo si ukuta tena. Ni mawe yanayoelea ndani ya uji. Wenzangu watasema mbona tunavumilia reli yenyewe, maana katika kipimo hiki cha Kiingereza njia inayotumika na wengi ina upana wa milimita 16.5, ambao ukizidishwa ni mita 1.26 badala ya mita 1.435 ya kweli. Ni kweli tunavumilia. Ila ule upungufu ulirithiwa na wote tumeuzoea, wakati kiungio cha ukuta kiko mikononi mwako na hakuna aliyekulazimisha.

Njia ninayotumia ni ya zamani na haina gharama. Nanunua unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari. Naukoroga mwepesi, naumwaga juu ya kioo kilichopakwa mafuta kidogo, kimezungushiwa vipande vya mbao, unene wa milimita 5 au 6. Kesho yake, ukiwa umeshika lakini bado una unyevu, nachora safu kwa rula na sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha penseli. Safu za chini ziwe nene, milimita 5. Za juu zipungue hadi 3, kwa sababu hakuna mwashi mwenye akili anayepandisha mawe makubwa juu akiacha madogo chini. Kisha viungio vya wima, kimoja kimoja, kwa mkono, bila rula. Hapa ndipo kazi ilipo. Kiungio cha wima kisikae juu ya kiungio kingine, maana ufa hupenda njia iliyonyooka. Kila baada ya mawe kadhaa, liwepo moja fupi la kuonyesha kichwa tu, ambalo mwili wake umeingia ndani ya ukuta kuufunga.

Ukuta wa sentimita 60 kwa kimo cha milimita 80, wenye safu 20 na mawe ya wastani wa milimita 8, una mawe 1,500. Nimeyachora yote. Ukifika la mia tatu mkono wako unaanza kufanya yale ambayo mkono wa mwashi hufanya: unatafuta jiwe la kufaa kabla akili haijaamua. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukuta wa mawe haukuchorwa na mhandisi. Mhandisi alichora umbo, unene na mteremko. Mahali pa kila jiwe paliamuliwa na mtu mwenye nyundo, papo hapo, na jina lake halimo kwenye kitabu chochote. Tunamtaja Stephenson, tunamtaja Adie, na mimi mwenyewe nimewataja hapa. Lakini maamuzi yanayoonekana kwa macho kwenye ukuta, maelfu kwa maelfu, ni ya waashi.

Foamu ngumu pia inafaa, mradi si ile ya punje punje inayopukutika. Inakatwa kwa wembe na kubonyezwa kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Ni nyepesi, na kwa modeli ya kubebwa kwenda kwenye maonyesho ni afadhali. Mimi bado napenda jipsamu kwa sababu inapasuka. Kipande kikimeguka, kinameguka kama jiwe.

Kwenye pembe, tafadhali, msibandike karatasi mbili zikutane. Jiwe la pembeni lionekane pande zote mbili: safu hii mgongo wake mrefu uko huku, safu ifuatayo uko kule. Viegemeo ni pembe tupu, kwa hiyo ndivyo vinavyomfichua fundi mapema. Juu ya kiegemeo kuna jiwe la mteremko la kumwaga mvua, na juu ya ukuta wote kuna mawe ya kofia yanayotokeza mbele kidogo, kwa sababu hiyohiyo. Maji, maji, maji. Matundu ya kutolea maji yawe ya milimita 1, karibu na chini, na kila tundu liwe na doa lake linaloteremka, jeupe pale chokaa ilipoyeyuka au la kutu pale maji yana chuma. Ukuta wa mawe makavu hauhitaji matundu, kwani wenyewe wote ni tundu.

Kuhusu rangi sina mengi. Anza na rangi ya jiwe lenyewe, kisha rangi nyepesi ya maji ya udongo iingie kwenye viungio, kisha badilisha jiwe moja moja hapa na pale. Masizi ya moshi wa makaa yapakwe juu zaidi kuliko chini, na mengi kabisa karibu na mdomo wa handaki. Nimejaribu poda za kununua na nimejaribu masizi ya kibatari yaliyokusanywa kwenye sahani. Ya kibatari yameshinda, na ni ya bure.

Ipo hoja kwamba kazi hii yote ni ya kupoteza muda. Watu wawili wa Uingereza wameijibu kuliko nitakavyoweza. Mmoja ni John Ahern, aliyeanza miaka ya 1930 kujenga reli ya kubuni aliyoiita Madder Valley, wakati wenzake wengi walitosheka na reli juu ya mbao tupu. Yeye alitaka bonde zima, na nyumba, na kuta, na mto. Mwingine ni Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925, akaona nyumba za vijijini alizozipenda zinabadilishwa moja baada ya nyingine, nyasi za paa zikiondolewa, bustani zikifutwa, akaamua kuzijenga upya kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi kabla hazijaisha. Tangu mwaka 1954 kazi hiyo ina makao yake Long Wittenham, kwenye jumba la Pendon, na Madder Valley ya Ahern nayo imehifadhiwa humo. Baadhi ya nyumba alizopima England hazipo tena popote isipokuwa pale, zikiwa na ukubwa wa kiberiti.

Sasa kwetu. Ukiwa Morogoro au Nakuru na unataka kujenga modeli ya reli yetu, kishawishi ni kuchukua vitabu vya Waingereza na kuweka kuta za mawe za Yorkshire kando ya treni ya Kigoma. Usifanye hivyo. Reli zetu za zamani zilijengwa kwa upana wa mita 1, na upana huo wenyewe ulichaguliwa ili kukwepa kuta: reli nyembamba inakunja kona kali, inazunguka kilima badala ya kukikata. (Kwa anayetaka vipimo: njia ya milimita 12 kwa kipimo cha 1 kwa 87 inakupa mita 1.04, karibu kabisa na yetu.) Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ilikuwa na haraka. Kwenye makorongo ya Mau haikusubiri waashi. Ililetewa madaraja 27 ya chuma yaliyotengenezwa Marekani, yakafungwa kwa misumari na bolti. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kikuyu, kabla njia ya kudumu haijawa tayari, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba.

Ukuta wa mawe unataka vitu vitatu: jiwe la karibu, muda, na mwenye mali anayeamini atakuwepo miaka 100. Mahali usipouona, kutokuwepo kwake pia ni habari. Zaidi ya watu 31,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ile, na karibu 2,500 walikufa. Tumezoea kuwahesabu kwa vifo na kwa simba wa Tsavo. Ningependa siku moja tuwahesabu kwa kazi ya mikono yao, kalvati kwa kalvati, kwa kuwa zile nguzo fupi za mawe chini ya vidaraja na vichwa vya kalvati vipo, unaweza kuvishika, na kila kimoja kina safu zake na pembe zake zilizopangwa na mtu. Fundi wa modeli mwenye rula na daftari angeweza kuvipima vingi kwa likizo moja. Siku hizi reli mpya imepita sambamba, vituo vya zamani vinafungwa, na mawe yaliyochongwa tayari ni mali nzuri kwa anayejenga msingi wa nyumba.

Watu wa pwani watanikumbusha kwamba sisi tuna mawe yetu tangu kabla ya reli, matumbawe na chokaa iliyochomwa, na kwamba Kilwa hawakumsubiri Coulomb. Ni sawa kabisa. Ila matumbawe ni somo lingine, na uso wake kwa kipimo cha 1 kwa 76 bado unanishinda maarifa. Nadhani ufumbuzi uko kwenye sifongo.

Ukuta nilionao mezani sasa ni wa Kiingereza, wa kaskazini, wa miaka ya 1840, wenye mawe yake 1,500. Una kiegemeo kimoja tu. Nimekiweka theluthi ya njia kutoka kushoto, mahali ambapo jicho la mchoraji lisingekiweka. Safu zake hazilingani na za ukuta, kuna mstari wima pande zote mbili, na jiwe lake ni la kijivu wakati ukuta ni wa rangi ya kahawia. Juu yake, nyuma ya mawe ya kofia, mfereji wa shamba unakuja kutoka kilimani na kuishia hapo bila kwenda popote. Matundu mawili yaliyo karibu nacho nimeyapaka doa refu kuliko mengine yote, na chini yake kokoto za reli zina ukijani kidogo.